Mchuzi umezidi sukari? Usiumwage, fanya hivi

Umeonja mchuzi wa nyanya ukakuta unakaribia kuwa jemu. Mara nyingi mkosaji ni sosi ya nyanya ya chupa. Wengi huimimina kwenye rosti ili iwe nyekundu na nzito, wakisahau kwamba kijiko kimoja kikubwa cha sosi hiyo huwa na sukari ya karibu gramu 4, sawa na kijiko kimoja cha chai. Ukitia vijiko vikubwa vitano, hesabu mwenyewe. Karoti na vitunguu vilivyokaangwa hadi kuwa vya kahawia navyo vina utamu wao, ila peke yake huwa havileti balaa.

Kwanza punguza moto. Mchuzi ukiendelea kuchemka, maji yanapungua na sukari inabaki palepale, hivyo utamu unazidi kupanda.

Dawa ya haraka ni uchachu. Chota mchuzi kidogo kwenye bakuli, jaribia humo kabla ya kugusa sufuria nzima. Ukiridhika, kwa mchuzi wa watu wanne anza na kijiko kimoja cha chai cha maji ya ndimu, koroga, subiri kidogo, onja tena. Siki inafanya kazi hiyohiyo, lakini harufu yake ni kali, kwa hiyo weka nusu ya kipimo hicho na uiache ichemke kidogo. Ukwaju unapendeza sana kwa samaki, ila nao una sukari yake, basi usiwe chaguo la kwanza. Kama mchuzi ni wa nazi, ndimu itie ukishaepua, la sivyo tui litakatika.

Chumvi je? Onja kwanza. Chumvi kidogo inaweza hata kuutokeza utamu zaidi, ndiyo maana wengine hunyunyizia kwenye nanasi. Magadi ndiyo usiguse kabisa: yanaua uchachu wa nyanya, sukari inabaki inatamba peke yake.

Uchungu pia husaidia. Uwatu wa kusaga, kiasi cha kushika kwa vidole viwili tu, hupunguza makali ya utamu. Ukizidisha, utakuwa unakunywa dawa.

Lakini kama umetia sukari ukidhani ni chumvi (makopo mawili yanayofanana, kosa la kila jiko), ndimu haitakuokoa. Hapo ni kuongeza mchuzi wenyewe: saga nyanya mbichi nyingine, kaanga na kitunguu saumu, changanya, ongeza supu isiyo na chumvi. Utapata sufuria kubwa kuliko ulivyopanga. Nusu weka friza.

Hili lina uzito zaidi kama mezani kuna mwenye kisukari. Ndimu haiondoi sukari, inaudanganya ulimi tu. Mchuzi utaonjeka sawa kabisa wakati sukari yote bado imo. Mwambie mapema, au mtengee mboga nyingine.

Onja ya mwisho usifanye kwa kijiko kitupu. Chukua tonge la ugali au wali mweupe, uchovye. Mchuzi uliokushinda kijikoni huenda ukakaa vizuri tu ukikutana na tonge.