Nepal: Amri ya muda iliyowarudisha majenerali kazini

Mwezi Machi 2009 Wizara ya Ulinzi ya Nepal ilikataa kuwaongezea muda wa utumishi mabrigedia jenerali wanane, ingawa jeshi lilikuwa limependekeza waongezewe miaka mitatu. Maofisa hao wakaenda Mahakama ya Juu. Kabla ya kuamua nani mwenye haki, mahakama ilitoa amri ya muda kuzuia uamuzi wa wizara usitekelezwe, nao wakarejea kazini.

Amri ya namna hiyo haimpi mtu ushindi. Huzuia tu mambo yasibadilike wakati shauri la msingi likingojea kusikilizwa. Wanasheria wa Afrika Mashariki wanaifahamu vema: Tanzania hufuata masharti yaliyowekwa mwaka 1969 katika shauri la Atilio dhidi ya Mbowe, na Kenya yale ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973. Mwombaji huonyesha kwamba ana hoja nzito ya kusikilizwa, kwamba atapata hasara isiyofidika kwa fedha, na kwamba yeye ndiye atakayeumia zaidi amri ikikosekana.

Sharti la pili ndilo lenye uzito kwa mwanajeshi. Umri wa kustaafu hufuatana na cheo, na nafasi za juu ni chache. Aliyerukwa leo huenda akavua sare kabla ya hukumu. Akishinda baadaye, atarekebishiwa malipo na pensheni, lakini hakuna mahakama itakayomrudishia kikosi alichopaswa kukiongoza. Kwa upande wa pili, majaji husita kuingilia safu ya amri ya jeshi, na kusita huko kuna sababu: askari hawezi kuwa na wakuu wawili.

Nchini Nepal swali lilikuwa kubwa kuliko kazi za watu wanane. Vita vya miaka kumi kati ya Wamao na serikali vilikuwa vimekwisha mwaka 2006, na sasa Wamao wenyewe ndio waliokuwa wakiongoza serikali, chini ya Waziri Mkuu Pushpa Kamal Dahal, maarufu kwa jina la Prachanda. Jeshi lililopigana nao lilikuwa bado chini ya Jenerali Rookmangud Katawal. Kila jenerali aliyebaki au kuondoka alitazamwa kama kipimo cha nani analitawala jeshi.

Mwezi Aprili serikali ilimtaka Katawal ajieleze kwa mambo matatu: kuajiri askari wapya, kuwarejesha kazini mabrigedia hao, na jeshi kususia baadhi ya mashindano ya michezo ya kitaifa. Tarehe 3 Mei baraza la mawaziri likamfukuza. Rais Ram Baran Yadav akamwandikia abaki, na siku iliyofuata Prachanda akajiuzulu. Amri ya mahakama haikuiangusha serikali peke yake; ugomvi ulikuwa na mizizi mirefu zaidi. Hata hivyo, ni vigumu kueleza wiki hizo bila kuitaja.

Jirani yake India iliona upande wa pili wa suala hili miaka kumi baadaye. Makamu Admirali Bimal Verma alilalamika mbele ya Mahakama Maalumu ya Majeshi kwamba Karambir Singh, aliyekuwa chini yake kwa ukongwe wa utumishi, ndiye aliyeteuliwa kuwa mkuu wa jeshi la majini. Serikali ilishikilia kwamba ukongwe si kigezo pekee. Uteuzi haukuzuiwa, na Singh alishika wadhifa tarehe 31 Mei 2019, huku hoja za mlalamikaji zikiwa bado hazijaamuliwa.