Musenji ni nani?

Pande za Kibombo, na katika Maniema yote, neno «musenji» linajulikana sana. Mutu akikula kwa mukono mbele ya wageni, au akisema kama watu wa porini, vijana wa muji wanamucheka: musenji huyu! Neno ni fupi, lakini lina historia ndefu, na anayejitayarisha kuwa mupadri anapashwa kuijua.

Neno hili halikuzaliwa kwetu. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walitoka pwani, wakavuka ziwa Tanganyika, wakafika Nyangwe na Kasongo kutafuta pembe za tembo na watumwa. Watu wao walijiita wangwana, maana yake watu huru, wenye adabu. Wenyeji waliwaita washenzi, kwani hawakuvaa kanzu wala hawakusali kama wao. Na mutu akiisha kuitwa mushenzi, ilikuwa rahisi kumutia mnyororo shingoni.

Kisha Wabelgiji walipigana na Waarabu toka 1892 hata 1894, wakawashinda. Lakini neno lao hawakulitupa. Katika 1948 Serikali ya koloni iliweka karte ya mérite civique, na katika 1952 immatriculation. Mukongomani aliyeomba alichunguzwa hata nyumbani mwake: namna ya kukula, ya kuketi, ya kukaa na bibi yake. Zamani kipimo kilikuwa kanzu. Sasa kilikuwa meza na kanya.

Lakini mugeni anaweza kutazama namna ingine. Katika 1871 David Livingstone, mumisionari Muprotestanti, alikaa karibu miezi mine kule Nyangwe, kando ya Lualaba, kusini ya Kibombo. Mara nyingi alikwenda sokoni kuangalia wanawake wakibadilisha samaki, mihogo, kuku na vyungu. Kelele zao hakuzidharau. Aliona furaha yao ya kubishana bei; aliona tena kwamba soko lina sheria yake, na kwamba hata vijiji vikigombana wanawake wa soko wanapita kwa amani. Tarehe 15 ya mwezi wa saba watu wa wafanyabiashara walipiga bunduki katika soko lile, na mamia walikufa, wengi wao katika maji. Livingstone aliandika yote. Habari ile ilipofika Uingereza iliamsha hasira, nayo ilisaidia kufunga soko la watumwa la Unguja katika 1873. Aliweza kuwalilia wale wanawake, kwa sababu alikuwa amekwisha kuwatazama kama watu.

Ekleziya ilifundisha jambo hili zamani. Katika 1659 Propaganda Fide ya Roma iliwaagiza maaskofu waliotumwa Asia wasigeuze desturi za watu, isipokuwa zile zinazopinga wazi dini na mwenendo mwema. Mutaguso wa Vatikano wa Pili ulirudilia fundisho hili katika 1965.

Basi, ndugu waseminari, tukifika katika kijiji na kuona desturi isiyo yetu, tuulize kwanza: inawasaidia nini wanaoifuata? Kisha: ni zambi, ao ni ngeni tu kwa macho yangu? Maana si kila desturi ni njema. Kuuza mutu ni uovu kwa taifa lolote, hata muuzaji akivaa kanzu nyeupe. Kukula kwa mukono katika sahani moja na ndugu si uovu kwa taifa lolote. Anayechanganya mambo haya mawili atakemea mikono ya watu, na minyororo ataiacha.