Mpaka wa Maji na Mvuke katika Hesabu za Kompyuta

Chungu kikichemka, maji na mvuke hukaa pamoja. Kila kiputo kina mpaka wake, nao mpaka huo hautulii: hukua, hugawanyika, hutoweka. Kanuni za mwendo wa vimiminiko zilipatikana katika karne ya 19, kwa kazi ya Navier na Stokes. Lakini kuufuata mpaka huo kwa kalamu na karatasi kuliwashinda wataalamu, ila kwa maumbo mepesi, kama kiputo kimoja cha mviringo alichokipigia hesabu Lord Rayleigh mwaka 1917.

Kompyuta zilipopatikana, njia ilifunguka. Mwaka 1965 Francis Harlow na J. Eddie Welch, wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walieleza namna ya kuigawa nafasi katika visanduku vidogo, na kutia majini chembe za alama zichukuliwe na mkondo. Penye chembe pana maji; pasipo chembe ni patupu. Lakini chembe hizo nyingi zilikuwa mzigo kwa kompyuta za siku zile. Basi mwaka 1981 C. W. Hirt na B. D. Nichols walieleza namna nyepesi zaidi: kila kisanduku kipewe tarakimu moja tu, yaani fungu lake lililojaa maji. Moja ni kujaa, sifuri ni utupu. Na palipo kati ya hizo ndipo ulipo mpaka.

Kwamba jambo hili si mchezo wa wataalamu kulidhihirika huko Three Mile Island, Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979. Vali ya kinu cha nyuklia ilikwama wazi, maji yakatoka. Kipimo kiliashiria maji tele, wasimamizi wakapunguza maji ya dharura. Kumbe mvuke ulikuwa umeshika nafasi ya maji. Karibu nusu ya kiini cha kinu iliyeyuka.

Katika kinu kizima viputo havihesabiki kimoja kimoja. Kwa hiyo programu za vinu huyahesabu maji na mvuke kuwa mikondo miwili katika nafasi moja, kila mmoja na fungu lake. Hapo mpaka hupotea katika wastani, na msuguano wa mvuke na maji hauna budi kupimwa kwa majaribio. Kompyuta, basi, haikuliondoa jaribio. Imetufunza tu mahali pa kulielekeza.