Kasoro za kiwandani kwenye bodi ya gari jipya: Zitambue kabla ya kutia saini

WANUNUZI wengi wa magari mapya husikiliza injini, huangalia matairi na kujaribu redio, kisha hutia saini na kuondoka. Bodi hutazamwa kwa haraka, kwa imani kwamba kitu kilichotoka kiwandani hakiwezi kuwa na dosari.

Imani hiyo si sahihi. Gari hupita katika mikono na mitambo mingi kabla ya kufika kwa muuzaji, na kila hatua inaweza kuacha alama. Nyingi ya alama hizo hazizuii gari kutembea, lakini hupunguza thamani yake, na baadhi hufungua njia ya kutu.

Kwa mkazi wa Runazi, wilayani Biharamulo mkoani Kagera, jambo hili lina uzito wa pekee. Gari lililonunuliwa Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 1,000, kupitia Dodoma, Singida, Kahama na Nyakanazi, kabla ya kufika huko. Likifika limekwishapigwa na kokoto na vumbi, na si rahisi tena kuonyesha ni alama ipi ilikuwapo siku ya makabidhiano.

Ikumbukwe pia kwamba nchini Tanzania watu wengi huita “jipya” gari lililotumika Japani ambalo limeshushwa bandarini hivi karibuni. Makala haya yanahusu zaidi gari ambalo halijatumika, ingawa njia za ukaguzi zinafaa kwa yote mawili.

Rangi inavyopakwa

Kiwandani, bodi ya chuma husafishwa na kutiwa dawa, kisha huzamishwa katika pipa kubwa la rangi ya kuzuia kutu, ambayo hushikizwa kwenye chuma kwa nguvu ya umeme. Juu yake hupulizwa praima, halafu rangi yenyewe, na mwisho tabaka linalong'aa ambalo mafundi huliita klia. Katikati ya hatua hizo bodi huokwa katika tanuri.

Kwa kawaida matabaka yote kwa pamoja hufikia unene wa mikroni 100 hadi 150 tu. Mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa takribani mikroni 70. Kwa hiyo rangi yote ya gari ni sawa na unene wa nywele mbili hivi, na punje moja ya vumbi inatosha kuiharibu.

Kasoro zinazoonekana mara kwa mara

Ya kwanza ni punje za vumbi zilizonaswa chini ya klia. Huonekana kama vipele, na kidole huzihisi.

Ya pili ni uso usio laini, wenye mabonde madogo kama ganda la chungwa. Kwa kiasi kidogo hali hii hukubalika, na magari mengi huwa nayo. Huwa kasoro inapotofautiana wazi kati ya mlango mmoja na mwingine.

Ya tatu ni rangi iliyochuruzika, hasa kwenye kingo za milango na chini ya boneti. Ya nne ni vishimo vidogo vya mviringo, ambavyo hutokea pale bodi inapokuwa na mafuta wakati wa kupulizwa rangi.

Ya tano ni tofauti ya rangi kati ya bampa na madigadi. Bampa nyingi ni za plastiki, hupakwa rangi mahali pengine na huokwa kwa joto dogo zaidi kwa kuwa plastiki haihimili joto la chuma. Tofauti ndogo ni ya kawaida, hasa kwa rangi ya fedha na nyinginezo zenye chembe za kumetameta.

Ya sita ni nafasi zisizolingana kati ya boneti, milango na buti. Njia rahisi ni kulinganisha upande wa kulia na wa kushoto. Nafasi inayoanza nyembamba na kuishia pana huonyesha kwamba mlango au boneti haikufungwa sawasawa.

Kiwandani, safarini au gereji?

Si kila alama ilitoka kiwandani. Mikwaruzo ya mviringo inayoonekana juani kama utando wa buibui husababishwa na kufuta gari kwa kitambaa kichafu au kupiga polishi vibaya. Vidoa vidogo vya rangi ya kutu mara nyingi ni chembe za chuma zilizotua juu ya rangi wakati wa usafirishaji, na huondolewa kwa dawa maalumu. Kubonyea kwenye kingo za milango ni dalili ya gari kugongana na jingine melini au kwenye yadi.

Linalohitaji tahadhari kubwa ni gari lililorekebishwa kimyakimya. Dalili zake ni rangi iliyogusa raba za milango, bolti za boneti au madigadi zilizochubuka, na mstari hafifu mahali rangi mpya ilipokomea.

Kifaa cha kupima unene wa rangi husaidia. Bodi ya chuma inayosoma mikroni 120 kote, kisha 300 kwenye mlango mmoja, imepakwa rangi tena mahali hapo. Kipimo kikikaribia 1,000 au kuzidi, huenda chini yake kuna puti. Hata hivyo, viwanda navyo hurekebisha rangi kabla ya kutoa gari, hivyo kipimo kikubwa ni sababu ya kumuuliza muuzaji, si ushahidi wa ajali.

Namna ya kukagua

Gari likaguliwe likiwa limeoshwa na kukaushwa, mchana, nje ya jengo. Taa za ndani ya yadi na matone ya maji huficha mengi.

Mnunuzi asimame pembeni na kutazama bodi kwa mshazari, kuanzia taa za mbele hadi za nyuma. Taswira ya ukuta au nguzo ikipinda ghafla juu ya bodi, hapo pana bonde. Kisha afungue milango yote, boneti na buti, na kumulika kingo kwa tochi.

Kila kasoro ipigwe picha, iandikwe kwenye hati ya makabidhiano, na muuzaji atie saini kando yake. Ahadi ya mdomo kwamba “tutarekebisha baadaye” haitoshi.

Sheria inasemaje

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa mnunuzi haki ya kupewa nafasi ya kutosha kukagua bidhaa. Lakini inasema pia kwamba aliyekwisha kukagua hawezi kulalamikia ubora kwa kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Aidha, anayekaa na bidhaa kwa muda mrefu bila kuikataa huhesabiwa kuwa ameipokea. Baada ya hapo anaweza kudai fidia, lakini kulirudisha gari huwa vigumu.

Mnunuzi aliyepotoshwa kuhusu hali ya bidhaa ana mlango mwingine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza udanganyifu wa aina hiyo, na ndiyo iliyounda Tume ya Ushindani.

Baada ya kufika nyumbani

Dhamana za rangi kwa kawaida hazihusishi madhara ya kokoto, kinyesi cha ndege wala utunzaji mbaya. Kwa Runazi yenye vumbi jekundu, gari lisifutwe likiwa kavu, kwani vumbi hilo hukwaruza klia kama msasa. Limwagiwe maji kwanza.

Sehemu iliyochubuka hadi chuma kuonekana izibwe mapema kabla ya mvua. Kipele cha vumbi chini ya klia kinaweza kudumu miaka bila madhara, lakini chuma kilicho wazi huanza kushika kutu baada ya muda mfupi. Kwa hiyo siku ya makabidhiano, alama iliyofika kwenye chuma ndiyo ya kwanza kuandikwa na kudaiwa.