Ukumbusho: Picha Ukutani na Historia Yetu



Anayeingia katika maktaba hukutana na ukuta kabla ya kukutana na kitabu. Ukuta ukiwa mtupu, hupita. Ukiwa na picha, husimama na kuuliza: huyu ni nani, na mambo haya yalitokea mwaka gani? Mara nyingi swali hilo ndilo linalomfikisha kwenye rafu ya vitabu.

Kanisa lilitambua jambo hili zamani. Karibu na mwaka 600, Serenus, askofu wa Marseille, alivunja picha za kanisani kwa kuogopa kwamba watu wataziabudu. Papa Gregori Mkuu alimsifu kwa kukataza ibada hiyo, lakini alimkemea kwa kuzivunja, kwa sababu wasiojua herufi husoma ukutani yale wasiyoweza kuyasoma kitabuni.

Nchi yetu nayo ilipata mwalimu wa namna hiyo. Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akatembeza picha zake akitafuta wanunuzi. Watu wa Katanga walitundika picha za aina hiyo sebuleni, wakaziita kwa neno la Kiswahili: ukumbusho. Hazikuwa pambo tu. Mgeni au mtoto alipouliza, mkubwa wa nyumba alianza kusimulia.

Kati ya mwaka 1973 na 1974, Tshibumba alimchorea Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, picha zipatazo 100 za historia ya nchi nzima, kuanzia nyakati za kabla ya wazungu hadi utawala wa Mobutu. Alizieleza kwa Kiswahili, naye alijiona kuwa mwanahistoria.

Picha moja yatudai tutulie mbele yake. Inaonyesha kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961, Tshibumba akiwa kijana wa miaka 13 au 14. Nyuma ya maiti kuna misalaba mitatu, na damu itokayo ubavuni mwa Lumumba yaandika chini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Sisi makatekista hatuwezi kumlinganisha mwanadamu yeyote na Mkombozi. Lakini twaelewa alichofanya mchoraji: alikosa maneno ya kutosha kwa msiba wa taifa, akaazima alama ambayo kila mkristu aliijua. Picha hiyo haishindani na kitabu cha tarehe na majina. Yatueleza jinsi tukio lilivyowaumiza watu, na mwalimu anahitaji vyote viwili.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tshibumba hajulikani alipo. Picha alizomchorea Fabian zimehifadhiwa Amsterdam, na kitabu chake cha mwaka 1996 kinasomwa katika maktaba za ng'ambo. Twashukuru kwamba zimetunzwa. Hata hivyo, mtoto wa Kongo akitaka kuziona uso kwa uso, itambidi avuke bahari.

Hapa ndipo sisi wa Kalunguta tunapoguswa. Ebola ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na mwisho wake tarehe 25 Juni 2020. Ilichukua watu zaidi ya 2,200. Siku zile picha zilitufundisha kunawa mikono na kutogusa maiti, hata wasiojua kusoma wakaelewa. Lakini hao waliotutoka, na wale tuliowapoteza katika vita, wana picha gani? Sisi tuliosomea ualimu tumechora mengi ubaoni, kisha tukayafuta kwa mikono yetu wenyewe saa ya somo ilipokwisha. Mtoto aliyezaliwa baada ya msiba hana pa kusimama na kuuliza.

Basi tusisingizie ukosefu wa karatasi. Gunia la unga lilimtosha Tshibumba. Tuwaombe vijana wachore wanayosimuliwa na wazee. Chini ya kila picha tuandike mahali, mwaka, na aliyesimulia, kisha tuitundike katika chumba cha kusomea, karibu na vitabu. Na mzee mmoja akae pale siku ya Jumapili baada ya Misa, ili mtoto atakapouliza, awepo wa kumjibu.