Tahadhari za uongo za milipuko ya gamma

Setilaiti inapotangaza mlipuko wa gamma, kumbe ishara imetoka kwenye chanzo kingine, hiyo huitwa tahadhari ya uongo. Tatizo ni la tangu mwanzo. Setilaiti za Vela, ambazo Marekani ilizirusha kuanzia mwaka 1963 kuvizia majaribio ya silaha za nyuklia, zilinasa mlipuko tarehe 2 Julai 1967. Taarifa ilichapishwa mwaka 1973, baada ya Ray Klebesadel na wenzake wa Los Alamos kulinganisha saa ambazo setilaiti mbalimbali zilipokea ishara, wakaona hazikutoka duniani wala kwenye Jua.

Setilaiti ya Fermi (2008) ina vigunduzi 12 vya iodidi ya sodiamu vinavyotazama pande tofauti, na haitoi tahadhari hadi angalau viwili vizidi kiwango cha kawaida. Mlipuko halisi huviangaza zaidi vile vinavyoelekea ulikotoka. Chembe zilizonaswa na usumaku wa Dunia huvipiga vyote karibu sawa. Radi hutoa miali pia, ila hudumu chini ya sekunde moja kwa mbali sana, na Jua hujulikana kwa uelekeo wake. Mwezi Juni 2015 shimo jeusi la V404 Cygni lilizua tahadhari mfululizo kwa siku kadhaa.

Kisa cha ajabu kuliko vyote ni cha miaka ya 1980. Setilaiti ya Marekani ya kuchunguza Jua, Solar Maximum Mission, ilikuwa ikinasa miali kutoka kwenye vinu vya nyuklia vya setilaiti za kijasusi za Kisovyeti. Siri hiyo iliwekwa wazi kwa wanasayansi mwaka 1989.

Tarehe 27 Mei 2014 setilaiti ya Swift ilitoa tahadhari kutoka galaksi ya Andromeda, umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5 hivi. Mlipuko wa karibu namna hiyo ungekuwa tukio la karne, na habari zilisambaa mitandaoni usiku uleule. Makadirio ya haraka ya mwangaza hutumwa kwanza. Takwimu kamili hufuata kupitia vituo vya ardhini, kikiwemo cha Malindi, Kenya. Zilipochambuliwa, chanzo kikaonekana ni kile kilichokwisha kuorodheshwa zamani, wala hakikuwa kimeongezeka mwangaza. Tangazo likabatilishwa.