Wanyama wa Tingatinga

Wako wasemao ya kuwa uchoraji wataka vyombo vya thamani kutoka ng'ambo. Tuyatazame maisha ya Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa nchi ya Tunduru mwaka 1932, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Yapata mwaka 1968 alianza kuchora. Alitwaa vipande vya ubao mwembamba wa dari, akavipaka rangi ing'aayo, ile ya kupakia baiskeli. Wanyama wake hawakufanana sana na wale wa porini. Aliwachora kama alivyowawaza, hata mtazamaji hutabasamu.

Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu, akafa. Lakini alikuwa amekwisha kuwafundisha jamaa zake wachache, nao wakawafundisha wengine, hata mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika.

Basi, mzazi wa Mkwajuni, mwanao akichora twiga mwekundu kwa masazo ya rangi ya mlango, usimkaripie upesi. Mpe kipande cha ubao, na akijua, amfundishe mdogo wake.